Usafi wa Ijumaa

Jumatatu asubuhi, Roswitha Eberle alifika kiwandani kwa mteja wake nusu saa kabla ya mgeni wake, akafungua kompyuta, akaona mistari kumi na miwili, mmoja kwa kila mashine, iliyotulia tuli. Hata mashine ya nne, iliyokuwa ikitetemeka tangu Jumatano kwa beringi iliyochoka ya mhimili wake, sasa ilionekana nzima. Roho ilimtulia kidogo, kisha ikamruka. Beringi haijitibu.

Kampuni yake ya watu sita ilitengeneza vihisi, vidude vinavyonatishwa kwenye mashine kwa sumaku, vinasikiliza mtetemo na kutoa habari kabla mashine haijaharibika. Fedha zilibaki za kufikia Novemba. Leopold Aumüller, mwekezaji kutoka Munich, alikuwa anakuja kujionea. Akikataa, watu sita watatafuta kazi kwingine, yeye mwenyewe akiwamo.

Alikwenda mbio kwenye mashine ya nne. Kihisi kilikuwa kimetolewa kwenye beringi, kimewekwa juu ya kifuniko. Vya mashine zote vilikuwa hivyo, safu moja iliyonyooka kama vifungo vya koti.

"Bwana Knödler! Nani kafanya hivi?"

Msimamizi wa karakana alikuja akitafuna brezeli, mkate wa fundo, yenye siagi. "Sisi. Ijumaa ni usafi, unajua. Vidude vyako vilikuwa vimetapakaa, kimoja huku, kingine kule. Mgeni wa Munich atuone wachafu?"

"Kifuniko hakiugui, Bwana Knödler! Kinachougua ni beringi!"

"Lakini vimenyooka. Nilipima kwa rula."

Kabla hajamjibu, Aumüller aliingia, akasalimia, akainamia skrini. "Safi sana, Bi Eberle. Hakuna hata mashine moja yenye kasoro?"

Ingetosha kukubali kwa kichwa tu, na fedha zingekuja. Knödler aliacha kutafuna.

"Hizo habari ni za uongo," alisema Roswitha. "Ijumaa walifanya usafi, wakahamisha vihisi vyote. Njoo uone."

Alikibandua kihisi cha mashine ya nne, akakirudisha kwenye beringi. Kwenye skrini mstari ukapanda papo hapo, ukaanza kuruka.

Aumüller aligeuka kutoka kwenye skrini. "Kwa hiyo mtu mwenye kitambaa cha kufutia vumbi anaweza kuiua biashara yako?"

"Kwa leo, ndiyo. Niliwaza joto, mafuta, vumbi la chuma. Kitambaa sikukiwaza. Ni kosa langu, si lao."

"Hata sumaku yenyewe ni ya kubandikia picha za watoto kwenye friji," alidakia Knödler. "Toboa, kaza kwa skrubu. Nani atahamisha skrubu?"

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuniuliza. Ulikuja na vijana wako, mkabandika, mkaenda zenu."

Aumüller alicheka, kisha akakunja uso. "Siwezi kuwaambia wenzangu kwamba kazi imekamilika. Nusu ya fedha naweza kuidhinisha mwenyewe. Nusu nyingine utaipata vihisi vikikaa mahali pake kwa Ijumaa sita, bila wewe kuja kuvipanga."

Roswitha alipiga hesabu haraka. Nusu ingewafikisha Machi. Alikuwa ameomba zaidi, na hata sasa alitamani kubishana.

"Nakubali," alisema. "Bwana Knödler, una drili?"

"Ninazo tatu," alisema Knödler. "Lakini kwanza nimalize kula."