Pale Ngazi Zinapopinda

...na tikiti lenyewe zito, Fundi kalikumbatia kama mtoto wa watu aliyelala, jasho linamtoka, na bado ananong'ona, "Tupande, Mwalimu, au tushuke?" kana kwamba mimi najua, mimi niliyewafundisha watoto wa chekechea kupanda ngazi bila kusukumana mpaka nikastaafu, leo ngazi zimenishinda, nimeganda hapa zinapopinda, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, penye kiti kilichovunjika mgongo na baiskeli isiyo na mnyororo na ua la mtu aliyehama likamkaukia koponi, mahali pasipofagiliwa kwa sababu wa tatu wanasema ni pa wa nne na wa nne wanasema ni pa wa tatu, harufu ya vitunguu vya kila jiko inapita hapa kutafuta dirisha, na taa inajizima yenyewe mpaka uipungie mkono kama unayeaga... "Subiri kidogo, Fundi," nasema, naye anasubiri, kusubiri ndicho kipaji chake, alipoletwa kutengeneza lifti ya jengo hili walisema ni kazi ya siku mbili tatu, ikala miezi, wapangaji wakanung'unika kwamba hajui kazi, kumbe anajua mno, anafungua, anafunga, anafungua tena, na mimi narudi sokoni na kikapu changu, najiweka juu ya kiti kile, yeye anaegemea ukuta, tunaongea, majirani wakipita wananiambia pole na ngazi mama, naitikia kwa sauti ya mgonjwa na huku naomba lifti isipone... sasa imepona, inapanda na kushuka, na bado tumekuja kwa miguu, kwa sababu Fundi mwenyewe haipandi, "Najua kipi kimefungwa kwa kipi," aliniambia siku ile, nikaona huyu angalau si mwongo, marehemu mume wangu angeipanda hata ingening'inia kwa uzi wa kushonea, na ikikatika angenilaumu mimi, Mungu amrehemu, sipendi kumsema... mlango wa juu unafunguka, sauti ya binti yangu, sauti niliyoizaa mwenyewe na siku hizi ndiyo inayonilea, mama umekula, mama vaa soksi, mama mbona simu umezima, na maneno nilikuwa nimeyapanga, mwanangu, keti kwanza, hapana, nikimwambia aketi atajua ni msiba, mwanangu, huyu ndiye aliyetengeneza lifti, naye atasema asante sana Fundi, atampa maji ya kunywa, atapokea tikiti, atamfungulia mlango wa kutokea, halafu atanigeukia, mama, kwa umri huo? na umri wangu yanaujua magoti, hapa kwenye kona haujaulizwa hata siku moja... "Anachelewa sana ngazini," binti anamwambia jirani yetu mwenye paka, "lifti nzima ipo, yeye anapanda kwa miguu, anafika hapo chini anasimama, namsikia anavyohema," ninavyohema? tulikuwa tunacheka, tunabana pua tusisikike, "akiingia uso umemwiva, chakula anakichezea, juzi kaweka chumvi kwenye chai na akainywa yote, mimi nadhani ni moyo," na jirani anasema moyo si wa kufanyia mzaha, mama yake mdogo ulimwanza hivyo hivyo, na Fundi kaficha uso nyuma ya tikiti, mabega yanamtikisika, nami nimeuma kanga yangu, moyo, mtoto kaugundua ugonjwa bila kusomea udaktari, kilichobaki ni kumtambua dawa, amesimama hapa anatoka jasho... "Nimemtafutia daktari, sijamwambia," sauti ya binti inashuka, "nikiamka naenda kusimama mlangoni kwake nisikilize kama anapumua, baba nilishamzika, dada, huyu sitaweza," na hapo naitoa kanga mdomoni, mabega ya Fundi yametulia, kwa sababu mlango ule naujua, nilisimama upande huo huo yeye akiwa mdogo na kifua kinambana, nikihesabu pumzi zake, na mimi nikadhani ananichunga kama askari jela, kumbe nimeificha furaha yangu vizuri mpaka imefanana na ugonjwa, mama gani huyo anayemtia mwanawe hofu kwa kucheka... taa inazimika, hakuna anayeipungia, na gizani Fundi ananong'ona, "Tushuke, Mwalimu, nitarudi siku nyingine, hata tikiti litangoja," mtu mwema, angengoja hapa mpaka wote wawili waoze, yeye na tikiti, na ningemwachia, maana hapa pazuri, hapa si nyumbani kwa mtu, hakuna wa kutuuliza tunatafuta nini, ila huko juu kuna mtu hapati usingizi... "Mama?" binti anaita, kichwa chake kimechungulia juu ya mkono wa ngazi, giza limetuficha, "Mama, ni wewe hapo?" na kila siku najibu ni mimi tu mwanangu, ulimi umeshazoea, mguu wangu sijauinua bado, kiganja changu kinapapasa chini ya tikiti kikiutafuta mkono wa Fundi, hata kwa siku kama ya leo una grisi, nimeushika...

"Ni sisi," nasema.