Wewe ni Nani Wake?

Muuguzi wa chumba cha dharura hakuwa na mke, alikwisha kumzika. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na jirani wa kumgongea mlango kuomba chumvi. Jumapili ile hakuwa na mwenzake wa zamu, wala chumba chake hakikuwa na mashine ya kupasha damu. Alichokuwa nacho tele ni majivuno.

Mchana msimamizi wa ujenzi aliingia amembeba fundi rangi. Fundi alikuwa ameanguka toka kwenye ngazi, kioo cha dirisha kikampasua paja, na kiatu chake kilijaa damu. Muuguzi alikandamiza jeraha kwa uzito wake wote huku daktari akishona. Mama wa maabara akaleta damu, mfuko baada ya mfuko.

"Soma, mama," alisema muuguzi.

"Mtu anakata roho, wewe unataka kusomewa!"

"Akifa kwa damu isiyomfaa, tutakuwa tumemuua sisi. Soma."

Mama akasoma kwa sauti maandishi ya mfuko, muuguzi akafuata kwa kidole kwenye utepe wa mkono wa mgonjwa. Ndipo akautundika. Walifanya hivyo kwa kila mfuko.

Damu ile iliingia mwilini na ubaridi wote wa jokofu. Fundi akatetemeka hadi kitanda kikalia. Muuguzi alimpima: haikuwa homa, joto lilikuwa limeshuka. Na mwili ukipoa, damu haigandi vizuri. Jeraha lingevuja upya.

Msimamizi akaja mbio na beseni la maji moto. "Mzee, tumbukiza mifuko humu ipate moto!"

"Hii si chai, bwana. Ukiichemsha inaharibika, nayo itammaliza. Tumpashe mtu."

Akafunga madirisha, akamvua fundi nguo zilizolowa, akamrundikia mablanketi. Mwishowe akavua sweta lake mwenyewe, akamzungushia kichwani.

"Baba, midomo inafanya ganzi," fundi alinong'ona.

"Ganzi ya namna gani?"

"Kama nimebusu siafu."

"Na siafu mwenyewe alikubali?"

Fundi akajaribu kucheka. Muuguzi hakucheka. Dawa inayoizuia damu isigande mfukoni, ikiingia nyingi, hupunguza kalsiamu mwilini, na moyo waweza kuyumba. Alimwita daktari, naye akaagiza sindano ya kalsiamu. Muuguzi aliisukuma polepole, macho kwenye mapigo ya moyo.

"Usiniache, baba."

"Niende wapi? Kwangu hakuna hata paka."

Jioni gari la wagonjwa lilimchukua fundi kwenda hospitali kubwa, kwa bingwa wa mishipa. Geti likafungwa. Muuguzi akapiga deki, akaenda nyumbani, akala amesimama.

Kesho yake alipiga simu hospitali kubwa.

"Wewe ni nani wake?" sauti ya mwanamke iliuliza. "Baba yake?"

Fundi alikuwa amemwita hivyo siku nzima.

"Hapana. Nilimtundikia damu."

"Samahani, mzee. Habari za wagonjwa tunawapa jamaa tu."

Wiki nzima alikuwa akikitazama kitanda kile. Wengine walilala pale, wakapona, wakaondoka na watu wao. Ila yule mmoja hakujua aliishia wapi. Akachukua karatasi: *Fundi, naomba unirudishie sweta langu.* Akaisoma. Maandishi yalikuwa mazuri, lakini ulikuwa uongo mtupu; sweta lenyewe lilikuwa na matundu kwenye viwiko vyote viwili. Akaichana.

Kwenye karatasi ya pili hakuandika mengi. *Mwanangu, je, uko hai? Nijibu hata kwa mstari mmoja. Kama mkono bado ni mzito, mwombe muuguzi wa hapo akuandikie. Atakubali, mimi nawajua.*

Akaikunja, akalamba gundi, akaifunga bahasha. Juu akaandika wodi ya majeruhi na jina la fundi. Akabandika stempu mbili ingawa moja ingetosha, akatembea hadi posta, akaitumbukiza.