Programu Yenye Adabu

Watu wakinambia kompyuta za siku hizi ni nzuri, napandwa na hasira. Nzuri kwa lipi? Programu hununui tena, unapanga kama chumba cha Barking, na mwenye nyumba akiamka vibaya anakubadilishia kufuli. Mimi niliandika programu yangu mwenyewe mwaka 1987, hapahapa Ilford, London, kwenye meza ya kulia, na yote ikaenea kwenye diski moja.

Niliiita Karani. Kazi yake ilikuwa kuweka orodha ya wanachama: nani kaja lini, anakaa wapi, ana familia gani. Jumuiya yetu ya Wazanzibari iliitumia kwanza, na orodha tulikuwa tukiihakiki kila Idi. Kisha zikaichukua madrasa, kisha kamati za misikiti mpaka Leicester. Harjit wa Nakuru, aliyekuwa na duka la kompyuta mtaa wa pili, aliipanga dirishani.

Na waliipendea nini? Adabu yake. Programu za Wazungu zilikuuliza jina la mkeo waziwazi, kama polisi. Yangu haikuuliza. Ukishaandika mtoto wa kwanza, yenyewe ilijaza: Mama fulani. Asiyejaaliwa mtoto, ilimwandika mke wa fulani. Mzee mmoja alinambia, "Wakil, mashine hii imelelewa." Nikavimba kichwa mwezi mzima.

Halafu ikaja mifumo ya picha na kipanya. Karani ilikuwa maandishi matupu, rangi ya chungwa kwenye giza, na wateja wakaniona mshamba. Walinitoka mmoja mmoja. Harjit alitoa maboksi yangu nje ya duka siku ya mvua, bila hata kunipigia simu. Sijamsamehe mpaka leo, na simsamehe.

Basi Jumamosi iliyopita alikuja Mama Harith, mjane wa rafiki yangu Himid, pamoja na binti yake Siham aliyezaliwa hapa. Alikaa na koti lake mwilini.

"Ghalia hajiwezi tena," alisema. Ghalia ni dada yake, yuko Wete. "Figo. Nataka nikamwone angali anajua nani kaingia. Lakini wakili wa uhamiaji kanambia nikitoka bila ya kukamilisha karatasi zangu, kurudi nisahau."

Pasi yake ya zamani, yenye muhuri wa kukaa, ilipotea walipohama nyumba. Muhuri wenyewe siku hizi hautoshi, kila kitu kinatakiwa kiwe kwenye mtandao, na ili wakuweke huko uthibitishe umeishi hapa miaka yote. Kuanzia 1996, alipozaliwa Siham, alikuwa na makaratasi. Ya nyuma ya hapo hakuwa nayo hata moja. Wakili alisema orodha ya Jumuiya ya wakati ule ingemsaidia sana.

Niliona siku yangu ya kung'ara imefika. "Yote yamo kwenye Karani," nikamwambia. "Tarehe kwa tarehe."

Niliteremsha mashine kutoka darini, nikapangusa vumbi. Diski ilikwaruza, ikagoma, ikagoma tena, mara ya tatu ikasoma. Herufi za chungwa zikajitokeza na nikatokwa na machozi, wala sioni haya kusema. Utepe wa printa ulikuwa umekauka, nikautia mafuta ya cherehani. Karatasi ilipoanza kutoka niliwatukana wote walionicheka, kwa majina, na Harjit nilimtukana mara mbili.

Siham aliichukua, akaisoma kwa kidole, akairudia.

"Uncle Wakil," alisema, "where's Mum?"

Nikamwonyesha. Himid Suleiman, East Ham, kaingia Machi 1987. Mke: Mama Harith. Mtoto: Harith, miaka mitatu.

"Huyo hapo mama yako."

"That's not a name, Uncle."

Nikakasirika. Nikaanza kumsomesha heshima ni kitu gani, na watoto wa London wasiojua kwao. Mama Harith akanikata.

"Mtoto wa miaka mitatu ana jina," alisema. Hakupaza sauti. "Himid ana jina. Nyumba jina lake, gesi jina lake, benki jina lake. Miye nimepika biriani la Idi la watu mia mbili miaka tisa, wewe unakula, unarudi kwenye mashine yako unaandika. Umemwandika nani?"

"Nilikuheshimu, Mama Harith."

"Ulimheshimu Himid. Na Himid alikuwa na mke mwengine Unguja. Wakili akiniuliza huyu wa kwenye karatasi ni yupi, nimjibu nini?"

Nikavuta kibodi. "Jambo dogo hili. Programu yangu, orodha yangu. Natia jina lako sasa hivi, nachapisha upya. Nani atajua?"

"Hata," alisema. "Nimeishi hapa kweli karibu miaka arubaini. Siendi kuthibitisha kwa uongo wako. Andika ulichofanya."

Siham akanisukumia laptopu yake. Nikaandika barua kwa wakili: mimi, Abdulwakil Said, ndiye niliyetengeneza programu hii na kuiweka orodha hii. Wanawake hawana majina humu kwa sababu mimi niliiamuru isiwaulize. Kila neno lilinichoma, nikaliandika. Niko tayari kuapa kwamba Mama Harith aliyetajwa hapa namjua tangu alipofika, na kwamba jina lake ni

Vidole vikasimama. Nimekula kwake karibu miaka arubaini. Jeneza la mumewe nimelibeba begani. Nikamtazama Siham, Siham akamtazama mama yake, na hakuna aliyenisaidia.

"Hujui," alisema Mama Harith.

"Sijui."

"Basi uliza."

Mzee wa miaka sabini na nne, nikauliza.

"Mwanabaraka binti Juma Faki," alisema.

Nikaandika.

"Soma."

Nikasoma.

"Tena," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira. "Kwa sauti."