Vifaranga na Fomu ya Visanduku Viwili

Jumanne saa nne asubuhi Mama Vifaranga alifungua mashine yake ya kutotolea mayai, akakuta vifaranga arobaini, wazima, manyoya yamekauka, kila mmoja na miguu mitatu. Aliwahesabu tena kwa sababu wateja wake ni watu wa maneno. Kisha akawatia kwenye boksi, akampigia simu shemeji yake.

Shemeji alikuwa fundi wa ofisi ya umeme. Alichomeka kipimo chake, akasoma.

"Volti mia mbili thelathini. Umeme wako hauna neno, shemeji."

"Hauna neno! Na hawa je?"

Shemeji akamnyanyua mmoja, akamgeuza, akakubali kwamba miguu ni mitatu. Akasema ni ile yadi mpya mwisho wa mtaa, inayochaji pikipiki za umeme mia mbili kwa mpigo. Chaja zake hazinywi umeme taratibu, zinaupiga mafunda, na kila funda linarudisha mtikisiko kwenye nyaya za mtaa mzima. Kipimo chake kinaona wingi wa umeme tu, hakioni ulivyokunjamana. Yadi ilitakiwa kufunga kichujio cha kuutuliza mtikisiko huo. Haikufunga. Ukuta unakopita waya wa kurudishia umeme ulikuwa na joto kwa mtikisiko huo huo, na Mama Vifaranga alikuwa akikaushia soksi hapo.

"Basi andika hivyo hivyo."

Fomu ya malalamiko ilikuwa na visanduku viwili: Umeme Upo, Umeme Haupo. Shemeji akaigeuza nyuma kutafuta cha tatu. Akatia alama kwenye Upo.

Vifaranga wa awamu iliyofuata walikuwa na miguu mitano. Mama Vifaranga akaenda ofisini na boksi. Dirisha la kwanza likampeleka la pili, la pili likamrudisha la kwanza. Jamani, mtu mzima anapigwa danadana na vifaranga mkononi! Karani alihesabu, akasema ni mitano kweli, arudi Jumatatu. Jumatatu mkubwa wa ofisi hakuwepo. Alikuwa yadini, akikata utepe wa chaja nyingine mia.

Wiki hiyo ugonjwa wa kideri ukapita bandani, ukafagia kuku wote alioachiwa na marehemu mama yake, wale weusi wa shingo tupu. Yakabaki mayai kumi na mawili. Mtaani hapakuwa na kuku anayeatamia, na mayai hayangoji, akayaweka mashineni huku amekunja uso. Hakutaka makubwa. Alitaka jogoo mmoja na tetea wawili wa miguu miwili, mbegu ya mama isipotee.

Siku ya tano, kuku wa jirani akaanza kuatamia. Mama Vifaranga akatandika nyasi kwenye kikapu, mbio mbio. Mkono ulikuwa kwenye kitasa cha mashine shemeji alipoingia na barua na lakiri ya ofisi ya kufungia mlango wake, macho chini.

Barua ilisema mashine hiyo, kwa miguu ya vifaranga wake, inapima mtikisiko wa umeme kwa usahihi kuliko kifaa chochote cha ofisi. Kuanzia leo ni kipimo rasmi. Isifunguliwe, isihamishwe, isizimwe. Mwananchi anashukuriwa kwa ushirikiano.

"Humo mna mayai ya mama, shemeji."

"Najua."

"Niyatoe hayo tu, kisha ufunge hata mlango wa nyumba."

"Nimetumwa, shemeji. Lakiri isipokuwepo, kazi sina."

Akafunga. Mama Vifaranga alilia kwa hasira, akamtukana yeye na ofisi yake, kisha akampa maji ya kunywa, maana ni shemeji.

Siku ya ishirini na moja walikaa wote wawili mbele ya kioo cha mashine. Maganda yakapasuka, wakatoka weusi, shingo tupu, kuku wa mama hasa. Kila mmoja miguu saba. Wa kwanza alijaribu kusimama, akashindwa kuipanga, akalala ubavu.

"Saba," alisema Mama Vifaranga, kiganja kwenye kioo. "Haya, nani atawafungulia?"

Shemeji akaisoma barua upya, mbele na nyuma.

"Haijasema."

Akatoa fomu. Ilikuwa mpya, imechapishwa juzi, ina visanduku viwili. Akatia alama kwenye Upo.