Farasi wa Kahawia Kwenye Karatasi ya Serikali

Siku ambayo kaka yangu Jolchubek hakurudi nyumbani ilikuwa Jumatano, na mama alimmiminia chai mara tatu. Ya kwanza ikapoa, akaimwaga. Ya pili ikapoa, akainywa mwenyewe kwa hasira. Ya tatu aliifunika kwa sahani, akasema, "Huyu akifika leo namchapa, na miaka yake thelathini na minne hiyo hiyo."

Kaka alikuwa mpimaji wa maji. Kila Jumatano alipanda na baiskeli hadi karibu na mgodi wa dhahabu, akajaza chupa kumi na mbili kutoka mtoni, akazipeleka ofisini wilayani. Tangu samaki walipoanza kuelea matumbo juu, alikuwa anajaza ishirini na nne. Kumi na mbili za ofisi, na kumi na mbili za kutuma mji mkuu kwa siri. Mimi ndiye ninayekaa dirishani posta, kwa hiyo najua.

Ijumaa walimpata chini ya korongo. Jumamosi ikaja karatasi, na mpelelezi Ulukman akatusomea akiwa amesimama mlangoni: "Marehemu, akiwa amelewa maziwa ya farasi yaliyochachuka, alianguka kutoka juu ya farasi wake wa kahawia, akavunjika shingo. Farasi alikimbia. Hakuna wa kushtakiwa."

Alikuwa wa tatu mwaka ule. Dereva mmoja wa mgodini alizama kwenye kijito ambacho bata huvuka kwa miguu. Mama mmoja wa maabara ya wilaya alipigwa na radi mwezi wa Januari, theluji imejaa, ndani ya nyumba. Watu walisoma karatasi hizo, wakatazamana, wakatazama chini, wakaenda kukamua ng'ombe.

Ila karatasi ya kaka yangu waliiamini wote. Sisi ni Wakirgizi. Huku kwetu mwanamume kuanguka kutoka kwenye farasi ni kama kwingine mtu kupata mafua. Aliyeitunga alikuwa mtu wa hapa hapa, anayejua watu wake, na nadhani alijisikia fundi.

Alikosea jambo moja tu. Kaka yangu hakuwahi kupanda farasi.

Alipokuwa na miaka sita, farasi wa baba alimng'ata bega mbele ya wageni wa arusi. Kuanzia siku hiyo akimwona farasi jasho lilimtoka, akatafuta pa kukimbilia. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa mchezo wa kunyang'anyana mzoga wa mbuzi juu ya farasi. Picha yake iko ukutani, meno mbele, mjeledi mdomoni. Mwana wa mtu kama huyo anaogopa farasi! Baba akatuita, akafunga mlango, akasema, "Mtoto ana ugonjwa wa mgongo. Mmesikia? Mgongo." Tukasikia. Miaka ishirini na minane kijiji kizima kilimhurumia kwa mgongo. Majirani walimletea mafuta ya mbweha ya kuchua. Alichuliwa na watu wasiopungua kumi, na mgongo wake ulikuwa mzima kama mlango.

Kwa hiyo karatasi ile ilipokuja, watu walisema, "Masikini, na mgongo ule, kisha alewe, angekaaje juu ya tandiko?" Uongo wa nyumbani kwetu uliukaribisha uongo wa serikali, ukauvutia kiti.

Nilimwambia mama siku ile ile, jikoni, akikaanga maandazi ya matanga.

"Mama, tuseme."

"Tuseme nini?"

"Kwamba hajawahi kupanda. Karatasi itaanguka yenyewe."

Akageuza maandazi. "Baba yako yuko kaburini, na sasa mtoto wake anamfuata. Unataka niwaaibishe wote wawili kwa wiki moja?"

"Wamemuua, mama."

"Najua wamemuua!" alisema, na mafuta yakaruka. "Unadhani mimi nimezaa mjinga asiyejua njia ya korongo? Lakini acha afe akiwa mwanamume. Bora watu waseme alilewa akaanguka kutoka kwa farasi, kuliko waseme aliishi bila kumpanda."

Siku ya mazishi tulisimamisha hema la sufu uani, kama ilivyo desturi. Wanawake tulikaa ndani tukitazama ukuta, tukiomboleza kwa kuimba. Wanaume wakasimama nje wameshika fimbo, na kila mgeni aliyefika alianza kulia kwa sauti tangu getini, mikono kiunoni. Shangazi Zuurakan, dada wa baba, ndiye mwimbaji wetu. Anaijua siri kama sisi, lakini sauti yake ikishapanda haijui kuteremka.

"Ewe mwana wa tandiko la fedha," aliimba, "uliyeuacha upepo nyuma ukihema!"

Mimi nilikuwa kando yake. Zamu yangu ilipofika niliimba mistari miwili juu ya macho yake mazuri, nikanyamaza. Wakamchukua, wakamzika. Daktari wa wilaya alikuwa amemkagua viatu tu.

Nililala na jambo hilo siku thelathini na tisa.

Ya arobaini tulichinja farasi. Ndiyo, farasi, hakuna arobaini bila farasi. Tulipompeleka nyuma ya banda nilimwona mama anatikisika mabega, nikamkimbilia nikidhani analia.

"Angekuwepo," aliniambia akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, "angepanda juu ya paa mpaka tumalize."

Tukacheka wote wawili, tumeshikana, kisha tukalia kweli.

Siku hiyo walikuja wale ambao hawakufika mazishini, na desturi haimwachi mtu: ukikosa mazishi, utakuja kulia kabla arobaini haijaisha, hata uwe nani. Mkuu wa wilaya, Bwana Shaimerden, alishuka kwenye gari lake jeusi, akampa dereva simu, akashika kiuno, akaanza: "Ndugu yangu oo! Ndugu yangu wee!" Nyuma yake Ulukman, naye analia. Na nyuma yao, peke yake, mzee mrefu mwenye kofia ndefu ya sufu nyeupe. Alikuwa Mzee Kachkynbay, mwendesha mashtaka wa mkoa, aliyecheza na baba timu moja miaka kumi na mitano. Hakuja kwa kazi. Alikuja kwa ajili ya baba.

Mama alichungulia tundu la hema, akarudi amepauka. "Kachkynbay huyo," alininong'oneza. "Mbele ya Kachkynbay, Anarkul, nakuomba."

Shangazi Zuurakan alikwisha anza. Tandiko la fedha, upepo nyuma, na safari hii akaongeza farasi mwenyewe: "Farasi wako wa kahawia anakulilia bondeni!"

Wa kahawia. Alikuwa amemtoa kwenye karatasi yao. Nikaona jinsi itakavyokuwa: mwaka mmoja mbele farasi huyo atapewa jina, na miaka kumi mbele watoto watamwonyesha mgeni mahali alipokanyaga.

Kwetu maombolezo hayakatizwi. Mwanamke akishaanza kuimba mbele ya ukuta ule, hata mkwe wake, hata imamu, hata serikali, anangoja amalize. Shangazi alipovuta pumzi niliingia mimi.

*Kaka yangu Jolchubek, wa baiskeli ya bluu,*
*farasi akikohoa, wewe uko juu ya mti.*
*Ulipokuwa na miaka kumi ulikimbilia paa la banda,*
*ukashuka siku ya pili, farasi alipouzwa.*

Shangazi alinifinya paja. Mama alifunika uso. Nje nikasikia Bwana Shaimerden akipandisha sauti.

"Ndugu yangu oo! Ndugu yangu!"

Akilia yeye, wanaume wote hulazimika kuitikia. Wakaitikia. Nikapandisha yangu.

*Mgongo wako ulikuwa mzima, kaka, wachuaji mnisamehe,*
*mafuta ya mbweha tulipaka bawaba za milango.*

"NDUGU YANGU OO!"

Sijawahi kusikia mtu akimlilia mpimaji wa maji namna ile. Alilia mpaka akakwaruza koo, akakohoa, akalia tena. Lakini waitikiaji walikuwa wanapungua. Watu walikuwa wanataka kusikia habari ya farasi. Mmoja aliacha, kisha wa pili, na sauti moja nje ikasema wazi kabisa, "Mheshimiwa, lia polepole kidogo, hatusikii."

Basi nikamaliza kwa sauti yangu ya kawaida, maana haikuhitajika kubwa tena.

*Nani amekupandisha, kaka, wewe usiyepanda?*
*Kwa ngazi gani, kwa kamba gani?*
*Ulipokuwa hai watu wanne walishindwa,*
*ulipokufa karatasi moja imeweza.*

Nje mtu mmoja alicheka. Kicheko kilimponyoka kama chafya, akakiziba, lakini kilikwisha fika ndani. Mama alikisikia. Hicho ndicho alichokuwa akikikimbia miaka ishirini na minane, na sasa kilikuwa kimeingia hemani kwake siku ya arobaini ya mwanawe.

Kisha sauti ya Mzee Kachkynbay, karibu na mlango, ya upole: "Shemeji. Natoa pole. Mtoto amesema jambo zito. Yeye ni dada, anaomboleza, na anayeomboleza huongezea. Wewe ni mama. Ukiniambia ni maneno ya kilio tu, nitakunywa chai yangu niende."

Niligeuka kutoka ukutani, jambo ambalo halifanywi, nikamtazama mama. Nilijua anamwona baba, na mjeledi wake mdomoni. Kama angesema "ni kilio tu," kesi ingezikwa pale pale na maneno yangu yangekuwa wazimu wa msichana wa posta.

Akasimama. Akajifunga kitambaa vizuri, akatoka nje, mbele ya wanaume mia moja.

"Shemeji Kachkynbay," alisema, "hakuwahi. Hata punda."

Hakuna aliyecheka.

"Na rafiki yako alijua," akaendelea, sauti ikimpanda. "Yeye ndiye aliyeleta hilo neno la mgongo. Ukimwonea aibu, mwonee yeye, usimwonee mwanangu. Mwanangu alikuwa mwoga wa farasi na hakuwa mwoga wa kitu kingine chochote. Kila Jumatano alikwenda kule juu, akijua."

Mzee Kachkynbay alivua kofia, akaivaa tena. Akamgeukia Ulukman, ambaye bado alikuwa na mikono kiunoni kwa kulia.

"Kijana. Farasi alikuwa wa rangi gani?"

"Wa kahawia, mkuu."

"Ulimwona?"

"Niliambiwa, mkuu."

"Na nani?"

"Iko kwenye karatasi, mkuu."

"Na karatasi aliandika nani?"

Ulukman alimtazama Bwana Shaimerden. Bwana Shaimerden alikuwa anatazama milima kama mtu anayefikiria kuinunua.

"Mimi, mkuu," alisema Ulukman.

"Kwa hiyo ulijiambia mwenyewe."

"Ndiyo, mkuu."

"Na ukajiamini."

Bwana Shaimerden alikumbuka kwamba ana kikao. Lakini dereva wake alikuwa tayari ameketi kwenye nyama, sahani imejaa, na kumwinua mtu kwenye nyama ya arobaini ni tusi kwa marehemu. Ikabidi mheshimiwa aketi, ale, na aombe dua mikono juu pamoja na sisi. Sauti ilikuwa imemkauka, kwa hiyo hakuhutubia. Shangazi Zuurakan alisema hilo pekee lilitosha kuwa thawabu ya siku.

Wiki iliyofuata mama hakutoka nje. Alingoja kuchekwa. Aliyekuja wa kwanza alikuwa jirani yetu, mtu wa ndevu, mpanda farasi mashuhuri. Alikunywa chai bakuli mbili bila neno, kisha akasema akitazama zulia, "Mimi hushika tandiko kwa mikono miwili. Mteremkoni. Mke wangu hajui." Akaaga. Kesho yake akaja mwingine, na shida yake ilikuwa ni hiyo hiyo, ila yeye hufumba na macho.

Wa tatu alikuwa mjane wa dereva. Hakuwa na habari ya farasi. Alitoa karatasi kifuani, ile ya kijito, akaiweka mezani mbele ya mama.

"Niliinyamazia kwa sababu nilikuwa peke yangu," alisema. "Mume wangu alikuwa anaogelea kama samaki, mama. Na hata angekuwa jiwe, maji yale yananifika hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu.

Mama alimmiminia chai, kisha akaniambia nilete kalamu na bahasha.

Tulituma barua mbili kwa Mzee Kachkynbay, nikazigonga mihuri mwenyewe. Jibu lilikuja Desemba. Ulukman amehamishiwa ofisi ya leseni za mbwa. Bwana Shaimerden bado ni mkuu wa wilaya. Amri ya kufungua makaburi mawili imesainiwa, na daktari atatoka mkoa mwingine. Ardhi imeganda, kwa hiyo watachimba wiki ya pili ya Aprili. Mzee Kachkynbay anastaafu tarehe thelathini ya Aprili hiyo hiyo.