Rebecca Ni Nani

Swali lilikuwa la mwisho katika barua: Rebecca ni nani?

Zakiya, mke wangu, ndiye aliyenisomea, maana Kiingereza changu ni cha vipuri na bei. Niliacha skuli darasa la saba nikaingia ufundi wa viyoyozi, na Maskati hii viyoyozi havimwachii mtu nafasi ya kusoma. Barua ilitoka maktaba moja ya Australia inayohifadhi sauti za waandishi na wachoraji wa nchi hiyo. Dada yangu Muhsina alikuwa mmoja wao. Sisi hapa mtaani Ansab tulimjua kama binti wa Bi Mahfoudha aliyekwenda Perth kusoma na hakurudi. Kumbe kule alikuwa mwandishi wao, ana vitabu vinne na sauti ya kuwekwa.

Walimrekodi kwa muda wa saa sita, miezi michache kabla hajafariki. Sasa walitaka familia isikilize, isahihishe majina, kisha ithibitishe. Ukurasa wa mtandaoni wenye sauti hiyo ungekaa wazi siku thelathini. Mahali pamoja, katika saa ya nne, Muhsina alikuwa amemtaja mtu wasiyemjua.

"Labda rafiki yake," nilisema.

"Labda paka," Zakiya akajibu. "Huko paka huitwa majina ya watu. Bonyeza tusikie."

Nikabonyeza. Muhsina alikuwa akisema Kiingereza, polepole, habari ya kitabu kilichomshinda kukimaliza. Nyuma yake nilisikia friji. Kompresa ilikuwa ikigonga kila inapozima. Mpira wa chini unaoituliza ulikwisha, kuubadilisha ni kazi ya dakika kumi. Nikawaza kwamba miaka yote ile alikaa na kugonga kule na mimi, kaka yake, nna mipira hiyo boksi zima ndani ya gari.

Mara akanyamaza katikati ya sentensi. Kisha akasema, wazi kabisa, kwa sauti ya mtoto wa miaka minane:

"Labeka?"

Zakiya akaziba mdomo kwa mkono. Hakukuwa na Rebecca.

Hakuna aliyekuwa amemwita. Mle ndani walikuwa yeye na mwanamke anayemhoji. Akacheka kidogo, akasema kitu kwa Kiingereza, na Zakiya akanifasiria: "Samahani, nilidhani nimeitwa."

Nilijua alidhani kaitwa na nani. Kwetu sisi Mama akikuita huitikii "nini", wala "ee". Mwanamume huitika naam, mwanamke labeka. Siku moja, utotoni, nilimwigiza Muhsina nikaitika labeka mimi. Mama akanizaba kofi. Muhsina akacheka mpaka akakaa chini.

"Muhsina!"

Ilikuwa sauti ya Mama, kutoka chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa amesikia.

Tangu msiba ule nilikuwa nimemwambia mara tatu kwamba Muhsina amekufa. Mara tatu alilia kama ndiyo kwanza anasikia, na kila mara, kesho yake, aliamka akauliza mbona mwanawe hapigi simu. Mara ya nne ilinishinda.

"Wee Muhsina! Nnakuita!"

Sijui nini kilinipeleka mle na simu. Nilirudisha nyuma kidogo, nikabonyeza.

"Labeka?"

Mama akajiinua kwenye mto. "Uko wapi wewe? Njoo basi." Simu ikamjibu kwa kile Kiingereza cha Muhsina. Mama akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema anakuja."

Ikawa kila siku. Baada ya sala ya alasiri Mama anaita, mimi nabonyeza. Kisha anauliza anasema nini, na mimi nasema anakuja. Zakiya alikasirika.

"Unamdanganya mtu mzima, Sleiman."

"Basi mwambie wewe."

Aliingia. Alikaa kitandani akamshika mkono muda mrefu. Alipotoka alipita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Siku ya kumi na tisa lile jina lilinichosha. Nilifikiri: watamweka dada yangu miaka mia, na miaka mia atakuwa akimwita mwanamke wa kigeni asiyekuwepo. Nikaandika masahihisho mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: Si mtu. Ndivyo binti anavyomwitikia mama yake. Zakiya akayatia Kiingereza. Nikabonyeza kitufe cha kijani.

Maneno yakatokea. Zakiya akayasoma kimoyomoyo, kisha akasoma tena.

"Wanashukuru," alisema. "Wanasema ukaguzi umekamilika."

"Vizuri."

"Sleiman, umeufunga ukurasa."

Nilijaribu neno la siri. Likakataa. Nililiandika tena na tena, kama fundi mjinga anayewasha mashine iliyokwisha kuungua. Sikuwa nimechukua nakala. Nilijiambia nna siku kumi na moja, ya nini haraka?

Tuliwaandikia. Wakajibu asubuhi yake, kwa adabu sana. Neno limesahihishwa, wanashukuru mno. Familia itapata nakala kazi yote itakapokwisha, kama miezi kumi na minane hivi. Rekodi imewekwa mahali salama, katika chumba ambacho baridi yake haipandi wala haishuki. Vyumba viwili vya namna hiyo nimevifungia viyoyozi mimi, kimoja hapa mtaa wa Mawaleh. Najua jinsi vinavyokuwa. Mtu hakai mle.

Mama alikuwa na miaka themanini na sita.

Siku hiyo, baada ya alasiri, nilikuwa jikoni nikiosha kikombe chake.

"Muhsina!"

Nikaacha maji yatiririke.

"Wee Muhsina!"

Zakiya alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama anisaidie, akainamisha uso.

"Muhsina, mwanangu!"

Nikafunga mfereji.

"Labeka," nikaitika.

Mwanamume wa miaka hamsini na tatu, nilisimama pale na kikombe mkononi nikingoja kofi.

"Sauti yako imekuwa nzito," Mama akasema kutoka chumbani. "Kuna baridi huko?"

"Kuna baridi, Mama."

"Jifunike basi."