Kiranja Hutoka Mwisho

Habari zilimkuta mwalimu saluni, kichwa kimejaa povu. Kiwanda cha magodoro kimeungua, msusi alimwambia, watu wote wametoka isipokuwa msimamizi wa zamu. Yule mrefu, wanamwita Twiga. Mwalimu aliinuka na povu lake, maji yakimchirizika mgongoni, akauliza mara mbili kama ni Twiga huyohuyo.

Alikuwa huyohuyo. Mwalimu alimfundisha darasa la sita, na tangu astaafu Twiga ndiye mwanafunzi pekee aliyekuwa akimpigia simu kumjulia hali.

Kesho yake alikwenda msibani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, viti vimepangwa hadi nje, na wanawake wamejibana sebuleni kwenye godoro lisilo na shuka. Mmoja wao, mshonaji pale kiwandani, alikuwa amefungwa bandeji mikono yote miwili. Alikuwa akisimulia, na ilionekana si mara ya kwanza.

"Sponji ikishika moto haina mzaha. Moshi mweusi tititi, humwoni hata aliye mbele yako. Twiga akawa anatusukuma mlangoni mmoja mmoja. Nikamwambia, kaka, twende! Akasema, tangulia, kiranja hutoka mwisho. Kisha akarudi ndani kutazama kama kuna aliyebaki. Hakukuwa na mtu."

Nyuso zikamgeukia mwalimu. Katika nyumba ile hakuna asiyejua maneno yale yalikuwa ya nani. Shemeji mmoja akampisha kiti chake.

 Mjane wa Twiga alimshika mwalimu mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango.

"Huko nje wanakusifu," alisema. "Mimi nimeshindwa, unisamehe. Tukienda harusini, wa mwisho kutoka ni yeye. Mtoto akiumwa, wa mwisho kulala ni yeye. Nilikuwa namtania, huyo mwalimu wako ni mke mwenzangu. Sasa nataka kujua. Ulipomwambia vile, ulikuwa na maana gani?"

Maneno mazuri yalimjia mwalimu mdomoni. Alikuwa nayo tele, ameyasema miaka na miaka mbele ya watoto waliosimama mistarini. Lakini mjane alikuwa anamtazama kwa macho makavu, mekundu, na yale maneno yakamkwama.

"Nilitaka madirisha yafungwe," alisema.

"Nini?"

"Mvua ilikuwa inalowesha madawati. Wenzake walikuwa wafupi, hawafikii makomeo ya juu. Yeye alikuwa mrefu, nikampa ukiranja. Nikamwambia atoke mwisho ili afunge. Basi, mwanangu. Hakukuwa na lingine."

Mjane aliketi kitandani. Ilimtoka sauti, kicheko au kikohozi, akauziba mdomo kwa mtandio mpaka mabega yakaacha kutikisika.

"Madirisha," alisema.

Mwalimu alitaka kupiga magoti, lakini magoti yalikuwa ya uzee, akabaki ameegemea kabati.

"Hilo lisitoke humu ndani," mjane alisema hatimaye. "Mama mkwe hajatia kitu mdomoni tangu jana. Kinachomshikilia ni hayo maneno yako. Ukimnyang'anya, tutazika wawili."

Hawajafungua mlango, mama mkwe mwenyewe akaingia, ameshikiliwa na binti yake. Aliitwaa mikono ya mwalimu, akaiweka kifuani kwake.

"Mimi nilimzaa tu, mwalimu. Wewe ndiye uliyemtengeneza. Hebu niambie, darasani alikuwaje?"

Mwalimu akaeleza. Alieleza alivyokuwa akicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na alivyochora ramani nzuri kuliko vitabu huku hesabu zikimpiga chenga. Yote yalikuwa kweli, na mama aliitikia kwa kichwa kila moja kama anayepokea kitu mkononi.

"Na ukiranja? Mbona ulimchagua yeye, katika wote wale?"

 Mwalimu alijaribu kuvuta mikono yake, mama akazidi kuibana.

"Kwa ajili ya moyo wake, mama," mjane alijibu kutoka kitandani. Hakumtazama mama mkwe, alimtazama mwalimu. "Alimwona ana moyo kuliko wenzake. Sivyo, mwalimu?"

"Ndivyo," mwalimu alisema.

Mama mkwe akashusha pumzi. Akamwambia binti yake amletee chai.